Viatu vya Kahawia Dodoma: Kutoka Namba Nane Hadi Namba Moja

Dodoma si mji wa kiatu cheusi. Tuliseme mapema, ili wanaotaka kubisha waanze kufunga kamba. Mwezi wa Agosti, upepo wa huku ukishachachamaa, kiatu cheusi kilichong'arishwa Kisasa asubuhi kinafika Mji wa Serikali Mtumba kimepauka, na mwenye nacho anaanza kukisugua kwenye mguu wa suruali akidhani hatumwoni. Tunamwona. Kiatu cha kahawia kinapita kwenye vumbi lile lile na kufika na heshima yake, kwa sababu rangi yake haigombani na udongo.

Wengi waliohamia huku baada ya tangazo la Magufuli la Julai 2016 walishuka na kabati la Dar es Salaam: suti nyeusi, viatu vyeusi, soksi nyeusi. Kwa kabati hilo pwani walikuwa sawa. Hapa makao makuu tuhesabu upya, kuanzia vazi linalokifaa kidogo kiatu cha kahawia hadi lile linalokifaa kuliko yote.

8. Suti nyeusi

Hapana, kaka. Hata kama viatu ni vya bei mbaya. Kitambaa cheusi kinaumeza uvuguvugu wote wa rangi ya kahawia, na kiatu kinabaki kinaonekana kimekosea mlango. Suti nyeusi ina siku zake, ina kiatu chake cheusi, waache waishi kwa amani.

Lakini tusifike mbali kama Waingereza. Mwaka huo huo wa 2016, tume ya nchini kwao inayofuatilia nani anapata fursa na nani anakosa ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika benki za uwekezaji za London kuna mabosi waliokihesabu kiatu cha kahawia kilichovaliwa na suti kuwa kasoro ya mwombaji kazi. Kijana ana shahada nzuri, anajieleza vizuri, anaangushwa na miguu! Huo ni uonevu, na ofisi yoyote ya Dodoma ikijaribu kuuiga tutaisema hadharani.

7. Pensi

Moka ya kahawia, bila soksi ya kuchungulia, Jumapili jioni: ruksa. Kiatu cha kamba na pensi? Mzee, amua kwanza kama unakwenda kikaoni au kuosha gari.

6. Kanzu

Ijumaa, nje ya Msikiti wa Gaddafi, utaiona kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, halafu chini kuna kiatu cha kamba tundu kumi. Ndugu yangu, mlangoni utakifungua kwa dakika ngapi? Watu wanataka kupita. Kanzu inataka makubadhi au ndara nzuri za ngozi ya kahawia, zinazovuka kwa hatua moja na kuvalika kwa hatua moja. Hapo kahawia inapendeza kuliko nyeusi, maana nyeupe na kahawia ni jozi ya siku nyingi kwetu, tangu pwani hadi Kondoa.

5. Suti ya kijivu

Kijivu kilichokoza, kahawia iliyokoza. Kijivu cha kupauka, kahawia ya wastani. Ukichanganya kijivu cha kupauka na kiatu cha rangi ya haradali, ujue umevaa kwa ajili ya kamera ya simu tu.

4. Jinzi

Mbukwenyi! Jumamosi imefika, tunapanda barabara ya Arusha kwenda mnada wa Msalato. Hapa jinzi ya bluu na buti la kahawia la kufika kwenye fundo la mguu havina mpinzani. Buti linakanyaga mavi ya ng'ombe, majivu ya jiko na mafuta ya nyama choma, na jioni linapigwa brashi na kurudi kazini. Suruali isiburuzike chini, iguse shingo ya buti tu. Ukiiacha ifagie mnada, utarudi nyumbani na sampuli ya udongo wa Msalato.

Ukiwa pale, geuka uwatazame ng'ombe, maana buti lako lilianza hivyo. Tazama ubavuni: alama za chuma cha moto, mikwaruzo ya miiba, makovu ya fimbo. Kila alama ni sehemu ambayo mtengeneza ngozi ataikata na kuitupa, na kisu cha mchunaji asiye makini kinamalizia kuitoboa. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na bado ngozi nyingi inaharibikia mikononi mwetu kabla haijafika kiwandani. Alama inaweza kupigwa shingoni au mguuni chini, ngozi ya mgongo na ubavu ikapona. Hili linaniuma kuliko soksi nyeupe, na soksi nyeupe zinaniuma sana.

3. Kadeti

Vazi la wahadhiri wa UDOM, wahandisi wa barabara na kila mwanaume aliyeambiwa "uje umevaa kawaida, lakini vizuri". Ni jozi tamu, ila ina mtego: kadeti ya kaki, kiatu cha kahawia ya kaki, mkanda wa kaki, nawe umesimama juu ya udongo wa rangi hiyo hiyo. Bwana, tutakutafuta kwa tochi!

Kanuni ni nyepesi. Kiatu kikolee kuliko suruali kwa hatua mbili au zaidi. Kadeti ya kaki ipate kahawia ya chokoleti. Kadeti ya bluu au ya kijani cha jeshi inaweza kubeba kahawia ya mwanga zaidi. Mkanda ukaribiane na kiatu, si lazima wawe pacha. Soksi zifuate suruali. Na ukivaa shati la kitenge lenye rangi nyingi, kiatu kikae kimya: kahawia moja, bila matobo ya mapambo, bila bizimu la chuma. Shati limeshaongea.

Kabla ya mbili za mwisho, tuzungumze matunzo, kwa sababu kuna watu wanavaa vizuri na viatu vinalia. Mvua za huku zinaanza karibu na Desemba na kuisha Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu, na ngozi inakauka hadi inapasuka pale kidole kinapokunjia. Pwani adui wa kiatu ni ukungu kabatini, hapa adui ni ukavu. Brashi kwanza, ndipo dawa: ukipaka dawa ya viatu juu ya vumbi unasaga mchanga kwenye ngozi. Tumia dawa ya kahawia au isiyo na rangi, na usimkubalie mpiga kiwi akuambie nyeusi "itaficha". Itaficha kweli, itakificha kiatu chako moja kwa moja. Kikilowa, kikaushe kivulini na karatasi ndani. Na ile ngozi ya bandia inayobanduka magamba? Hiyo haina tiba, iage.

2. Suti ya bluu ya bahari

Hapa hata anayepinga kila kitu hunyamaza. Bluu iliyokoza na kahawia iliyokoza, au ile ya damu ya mzee, ni mavazi ya mtu aliyefikiri kabla ya kutoka. Inafaa Bungeni, inafaa kwenye usaili, inafaa kwa bwana harusi ambaye hataki kufanana na wahudumu wa ukumbi. Ukipanda treni ya SGR asubuhi Dar es Salaam na kushuka Dodoma, ni suti pekee inayokubalika pande zote mbili bila kubadili kiatu. Ushauri mmoja tu: usivae kahawia ya ncha iliyochongoka mno. Kiatu kisifike kikaoni kabla yako.

1. Kaunda suti

Ndiyo, hiyo hiyo ya mzee wako. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, vazi hili lilikuwa katika zama zake, likibeba jina la Kenneth Kaunda wa Zambia. Halina tai ya kukaba shingo saa nane mchana, halina koti la kuvua na kuvaa, na Kanuni za Bunge zinalitambua kuwa vazi la heshima kwa mbunge mwanaume. Rangi zake bora, kaki, bluu ya kupauka, kijani cha jeshi, maziwa, zote zinakipokea kiatu cha kahawia. Hakuna hata moja inayohitaji cheusi.

Lishonwe, usinunue lililoning'inia. Mabega yakae mahali pake, mikono mifupi ifike karibu na kiwiko, suruali ivunjike mara moja tu juu ya kiatu. Chini weka kiatu cha kamba cha kahawia iliyokoza, kisicho na makeke. Na kama umenielewa pale Msalato, kitafute kilichotengenezwa nchini. Karanga kule Moshi kuna kiwanda kipya cha Magereza na PSSSF kilichozinduliwa 2020, Mwanza kampasi ya DIT inafundisha teknolojia ya ngozi, na pembeni ya masoko ya Dodoma wapo mafundi viatu wanaopima mguu kwa karatasi na penseli. Wapeni kazi, na mlipe kabla hawajadai.