Injini Zote Zina Kazi

Sisi wa Muhumba, hapa Bukavu, tunalala na injini. Umeme ukikatika jioni, jenereta ya jirani wa kushoto inaamka, ya kulia inaijibu, na ile ya ng'ambo ya barabara inakohoa hadi usiku wa manane. Rasi yetu hii nyembamba ina nguvu za kutosha kuturusha sote hadi kisiwa cha Idjwi. Lakini thubutu kusema unatafuta injini moja ndogo, ya bei nafuu, ya ndege unayojijengea nyuma ya nyumba! Mtu atakutazama wewe, kisha atamtazama mke wako kwa huruma.

Wala sitaki makubwa. Mwaka 1903 ndugu wawili Wright waliruka kwa injini ya nguvu za farasi 12, iliyotengenezwa na Charlie Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli. Pikipiki ya motari anayenipeleka Kadutu haiko mbali na hapo, na kila siku inapanda mlima na baba, mama, watoto wawili na gunia la unga. Itashindwaje kunibeba mimi peke yangu?

Itashindwa kwa sababu ya hewa. Akina Wright waliruka ufukweni, mwezi wa Desemba, wakivuta hewa nzito ya baridi. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hapa injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi wangu 12 wakifika Muhumba wanabaki 10, na mabawa nayo hayapati hewa ya kushika. Hata hewa tunauziwa pungufu!

Washauri ndio hawapungui. Fundi wa magari anasema nifunge injini ya Toyota, kama alivyofanya Gabriel Nderitu kule Nyeri, Kenya. Sawa, lakini ukijumlisha rejeta na maji yake, hiyo ni zaidi ya kilo 100. Nitapata nguvu ya kubeba injini, mimi nibaki chini nikipunga mkono. Mwenye boti ananisifia Yamaha yake ya farasi 40. Hiyo inapozwa na maji ya ziwa, na ziwa halipandi nami angani.

Kijana wa jenereta ana injini ya farasi sita na nusu. "Mzee, funga mbili," akanishauri. Nilicheka, ingawa wazo lenyewe si la kichaa: Cri-Cri, ndege ya Mfaransa Michel Colomban, iliruka mwaka 1973 kwa vijiinjini viwili. Ila ndege hiyo tupu haifiki kilo 100. Mimi peke yangu, baada ya sahani ya bugali, naikaribia.

Iliyobaki ni ya Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, kipenzi cha wajenga ndege wasio na pesa: inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Ninayoijua mimi hapa Bukavu imekuwa banda la kuku, na mwenyewe hauzi kwa sababu kuku wameshazoea. Ukikosa hiyo, kuna Rotax 912 ya Austria, farasi 80, nyepesi, safi kabisa. Inapita dola 15,000 kabla hujakutana na forodha. Ndege ya maskini inadai injini ya tajiri.

Tena injini hazijakosekana mjini. Shida ni kwamba kila moja imeshikilia nafasi ya kitu kingine: jenereta inashikilia ya umeme, pampu ya bomba, pikipiki ya barabara. Ya kuchezea haijazaliwa.

Hata yangu, ambayo sijainunua, imeshapangiwa kazi. Mama watoto amesema ikifika itaanza na friji ya samaki. "Sambaza zikishaganda, baba, uruke utakavyo."