Simba wa Kwenye Kioo

Seronera, katikati ya Serengeti, kambi haina uzio. Jirani yetu, kabla hata ya kusimamisha hema, alitoa runinga ya inchi 32 na dishi. "Leo Simba na Yanga, kaka," akaniambia, kana kwamba swala wangemwuliza matokeo.

Hesabu alikuwa nayo: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200; runinga yala wati 50; basi raha ya saa 24! Mtaalamu huyo alisahau kwamba inveta nayo hudai ushuru wake njiani, na kwamba betri ya kuwashia gari si ya kukamuliwa hadi tone la mwisho. Friji ya bia, iliyokuwa ikinyonya betri hiyohiyo tangu asubuhi, hakuihesabu kabisa. (Bia zilikuwa baridi, nakiri. Nilikunywa mbili.)

Dakika ya sabini inveta ikalia pi, pi, pi. Giza. Simba wa kwenye kioo akazimika. Wa porini akanguruma, karibu kuliko tulivyopenda.

Asubuhi jirani alinijia mpole. "Samahani kaka, una waya za kubusti?"

Waya ninazo. Matokeo ndiyo sina.