Askari wa Posta hana chumba cha wageni

Vitu vya kutazama Dar es Salaam ni vya bure. Kinacholipiwa ni kufumba macho. Simama mbele ya Sanamu ya Askari pale Posta kutwa nzima, hakuna atakayekudai hata shilingi. Lakini jua likizama, ukataka kulala mahali ambapo kesho utamwona tena bila kugombania daladala, ndipo utakapojua kwamba mji huu hauna mjomba.

Mimi ninaye, na ndiye aliyenipeleka. Kwetu Narung'ombe, wilayani Ruangwa, mjomba habishiwi. Ufuta ulipopita mnadani na malipo yakaingia, jirani mmoja alinunua bati, mwingine pikipiki, Mjomba akatangaza kwamba anakwenda Dar kumwamkia Askari. Babu yake alibebeshwa mizigo katika vita ya Mjerumani na Mwingereza, kwa hiyo yule wa shaba, kwa hesabu yake, ni ndugu. Nikamwambia, "Mjomba, sanamu ile waliisimamisha Waingereza mwaka 1927, na imeundwa huko huko kwao." Akanitazama kuanzia kola. "Mpwa wangu, na hilo shati lako limeshonwa wapi?" Tukaondoka.

Haki yake nimpe. Vita ile ya 1914 hadi 1918 haikuishia Posta, ilishuka kwetu kusini. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, yanayotajwa kuwa ndiyo yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita ile Afrika Mashariki, yalikuwa hapa hapa mkoani Lindi. Mapigano ya Narungombe, Julai mwaka huo huo, nayo yamo vitabuni, na Mjomba akilisikia jina hilo hangoji kuuliza ni Narung'ombe ipi. Hata barabara aliyosimama Askari inaitwa Samora, na Samora Machel alikaa kwetu Nachingwea akiwafunza wapiganaji wa FRELIMO kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Basi askari wetu, barabara yetu. Kilichobaki ni chumba tu.

Chumba sasa. Basi la kusini lilitushusha Mbagala, penye gesti tele na bei za watu wenye watoto. Nikapendekeza tulale pale. Mjomba akakataa katakata: mtu aliyekuja kwa nduguye halali kijiji cha jirani. Tukajibana kwenye daladala hadi Posta, na kikapu cha korosho na karanga kikikaa mapajani mwa abiria ambaye hatukumwomba.

Hoteli za kule zina historia. New Africa ipo mahali ilipokuwa Kaiserhof ya Wajerumani. Mbele kidogo, ukielekea baharini, ipo Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965. Hizo tulizitazama kwa heshima, kutoka ng'ambo ya barabara. Tuliyothubutu kuingia siitaji. Binti wa mapokezi alitutajia bei kwa dola, tena akitabasamu. Nilipoigeuza kuwa shilingi, kisha nikaigeuza kuwa mbaazi, ikatoka gunia zima kwa usiku mmoja. Mjomba akauliza kwa upole, "Na kitanda tunaondoka nacho?"

Nikarudi kwenye simu. Nikakuta gesti inajisifu kuwa ipo dakika tano kutoka Posta. Dakika za nani, hawakusema. Tukavuka barabara ya Bibi Titi, tukapita Mnazi Mmoja, tukavuka Lumumba, kikapu kinabadilishana mabega, na mwenye gesti kila nikimpigia anasema, "Nyoosheni tu, mmeshafika." Tulipofika kweli, tulikuwa katikati ya Kariakoo.

Mapokezi kulikuwa na kitabu cha wageni kinachotaka kujua mambo ambayo hata mkwe wako haulizi: jina, kabila, utokako, uendako, sababu ya safari. Mjomba akaeleza kwamba amekuja kumwona askari. Kijana akaweka kalamu chini, akachungulia mlangoni. Tulipomtuliza, akatusomea tangazo la ukutani: wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Nikamwambia, "Huyu ni mjomba wangu, kaka wa mama, tumbo moja." Akajibu bila kuinua kichwa, "Hapa kila mtu huja na mjomba wake." Tukalipia vyumba viwili.

Chumba changu kilikuwa na televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo, feni inayopiga kelele bila kuzunguka, chandarua chenye mlango wa mbu, na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Kifungua kinywa kimo ndani ya bei, waliniambia, na asubuhi nikakikuta: chai ya rangi na yai lililokatwa nusu.

Mjomba ndiye hakulalamika. Usiku ule nilimweleza kwamba Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, hapa Kariakoo ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao wa vita. Akakaa kimya kidogo. "Kumbe babu naye walimleta huku huku," akasema. "Posta hakukuwa na bei yake." Nami nikaona mji huu haujabadilisha utaratibu wake: mwenye bunduki Posta, mwenye mzigo Kariakoo. Nairobi angalau, katika sanamu yao ya mwaka 1928, mpagazi amesimama kwa kimo chake pamoja na askari. Dar, juu kasimama mwenye bunduki peke yake. Mpagazi ukitaka kumpata, inama usome chini.

Tuliinama asubuhi. Kabla ya kuinama ilibidi tuvuke, maana Askari anaishi katikati ya mzunguko wa magari, na bodaboda hazijui kama kuna watu wanaokwenda kuamkia. Chini yake kuna Kiingereza alichokitunga Rudyard Kipling, na kuna Kiswahili cha aina mbili: cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Mjomba, aliyekaa chuoni kwa maalimu zamani, akashika cha Kiarabu, akakisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mimi mwenye cheti nikasubiri anifafanulie. Wenye mji walipita na bahasha zao bila kutazama juu. Kwao Askari ni mahali pa kupindia gari. Kijana mmoja akatusimamia, akauliza tumepoteza nini.

Mjomba akatazama singe ya bunduki, iliyoelekezwa upande wa bandari. "Mwenyeji gani huyu," akasema, "mgeni anafika, anaonyeshwa njia ya kuondokea." Akampungia mkono, tukashika njia ya Mbagala.

Ombi langu kwa wenye mji ni dogo. Jengeni Posta gesti moja safi, ya bei ya mtu aliyeuza ufuta, yenye kandambili za miguu yote miwili, na muwaruhusu mtu na mjomba wake walale chumba kimoja. Nawe msomaji, ukitaka kumwona Askari, nenda Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, lala Mbagala, chandarua beba chako. Mjomba ameshaamua: safari ijayo ataamkia Mahiwa, nauli ni ndogo na jioni mtu analala kwake.