Sifa za Msimu Mbaya

Ushindi haujapata kukosa wakili. Waimbaji huuimba, wanasiasa hupanda jukwaani ili wapigwe picha nao, na hata yule ambaye hajapata kulipa kiingilio maishani mwake huamka asubuhi akajikuta amevaa jezi ya kijani. Basi sioni kama kalamu yangu itapungukiwa na heshima ikiuacha ushindi uendelee kujisifu, nami nikamwelekea mnyonge asiye na nusura, alaaniwaye katika kila steji ya bodaboda tangu Migori mpaka Homa Bay, naye ni msimu mbaya: ule mfululizo wa miezi ambamo timu hufungwa Jumamosi, ikafungwa tena Jumatano, na Jumapili ikiambulia sare mbele ya timu iliyopanda daraja juzi, watu huitana wakapongezana.

Fadhila yake iliyo dhahiri kuliko zote ni ilmu. Mwaka 2015 klabu ya Gor Mahia, ambayo wapenzi wake huiita K'Ogalo, ilimaliza ligi ya Kenya bila kufungwa mechi hata moja, kama ilivyofanya mwaka 1976, na mtu mwenye insafu na ajiulize ni maarifa gani yaliyopatikana katika Jumatatu za mwaka ule. Mmoja alisema, "Tumeshinda," mwenzake akaitikia, "Tumeshinda kweli," na mazungumzo yakafa papo hapo, kila mmoja akashika njia yake akiwa mjinga vile vile kama alivyokuja. Lakini timu ikifungwa, na hasa ikifungwa na wanyonge, steji ya Rongo hugeuka madrasa: mwendesha pikipiki aliyeacha masomo darasa la saba hufafanua sheria za mikataba ya wachezaji, muuza omena hueleza maradhi ya goti kwa ufasaha wa tabibu, fundi viatu hukagua hesabu za klabu asizopata kuziona, na abiria mwenye haraka ya kwenda hospitalini hulazimika kungoja mpaka mjadala wa beki wa kushoto ufikie ukomo wake.

"Omera, huyu kocha alikuwa amelala?"

"Wachana na kocha, omera. Kocha atapanga nini na mishahara haijaingia?"

"Jaduong', wewe waonaje?"

Jaduong', yaani mzee aliyeulizwa, hajibu swali; hutua fimbo yake, akatazama upande wa ziwa, akarudi mwaka 1987. Na hapa inafaa tukae kidogo, maana huko ndiko tunakopata burhani ya kuwa wapenzi wa kandanda ya Nyanza walijaaliwa tangu zamani akili ya kutopambanua sana baina ya kushinda na kutoshinda. Katika mwaka ule Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kulifanya; lakini msikilizaji mtulivu, akikipembua kisa hicho, atagundua kuwa huko Tunis matokeo yalikuwa 2-2, na Nairobi yakawa 1-1, kombe likaja nyumbani kwa hisabu ya mabao ya ugenini. Yaani fahari yetu kubwa kupita zote, ile tunayowarithisha watoto pamoja na mashamba, ni sare mbili. Mwenye kibri angeona haya kulisema hilo. Jaduong' hulisema kwa sauti kuu, akadai na chai juu yake.

Wapo wanaodhani kuwa kuyumba kwa timu ni upungufu wa mazoezi. Hao hawajui nasaba. Klabu iliundwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, katika ardhi ambayo leo ni kaunti ya Homa Bay. Na ladha ya masimulizi juu ya mganga yule ni kwamba alikuwa akijigeuza, hata mahasimu waliomwendea wakitaraji kumkuta mtu mzima mwenye adhama walikuta kitu kingine kabisa. Basi ni ghururi gani hii ya kumlaumu mjukuu kwa kumfuata babu? Timu inayocheza kipindi cha kwanza kama mabingwa, ikarudi kutoka mapumzikoni imekuwa kundi la watu kumi na mmoja wasiojuana majina, haijaharibika. Imedhihirisha ukoo wake. Mtu wa Ndhiwa aliyelielewa hili hana haja ya kocha mpya, na kwa kadiri nijuavyo yeye ndiye mtu pekee katika ligi nzima asiye na haja hiyo.

Kisha kuna saburi. Gor Mahia ilitwaa ubingwa mwaka 1995, ikaja kuutwaa tena mwaka 2013, na mtoto aliyezaliwa katika shangwe za kwanza alikwisha kutimiza umri wa kuchukua kitambulisho zilipofika za pili. Katika muda huo kijana alibaleghe, akaota ndevu, akafundishwa na wazee nyimbo za ushindi asioujua, kama mtu anavyofundishwa habari za nchi walikotoka mababu. Na mwaka 2012, ili asije akakosa hata tone moja la elimu hii, timu ilimfikisha siku ya mwisho ya ligi akiwa na kombe karibu mkononi, halafu Tusker wakaondoka nalo. Najua watu wazima waliopata hekima zaidi siku ile kuliko katika miaka yao yote ya skuli.

Lakini tusijivune, kwa kuwa wako waliotuzidi daraja. Mashemeji zetu wa AFC Leopards, waliotwaa ligi kwa mara ya mwisho mwaka 1998, hao ni masheikh wa fani hii, na inapasa kuwapisha njiani. Ng'ambo ya bahari nako, katika mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, klabu ya Chicago Cubs ilitwaa ubingwa mwaka 1908 na haikuupata tena hadi mwaka 2016, miaka 108, ambamo babu alimwachia mwana, na mwana akamwachia mjukuu, usia mmoja tu: mwakani. Neno hilo mkulima wa miwa wa Awendo hahitaji kutafsiriwa. Yeye hupanda, akangoja mwaka na nusu au zaidi muwa ukomae, akangoja lori la kuubeba, kisha akaingia katika kungoja malipo, ambako hakuna refa wa kupuliza filimbi ya mwisho. Mtu aliyepikwa hivyo, ukimwambia kuwa timu yake haina pointi katika mechi 4, atakuuliza kwa upole kama hilo ndilo neno ulilomsimamishia baiskeli.

Wala sitaki kusahau ukarimu wa msimu mbaya, ambao huwafikia hata wale waliohamisha mapenzi yao Uingereza. Katika mji wa Homa Bay mtu aweza kufungwa alasiri pamoja na K'Ogalo, akavuka barabara hadi kibanda cha video, akafungwa tena usiku pamoja na Manchester United, iliyomaliza msimu wa 2024/25 katika nafasi ya 15. Na aliye wa Arsenal, isiyoonja ubingwa tangu 2004 hadi msimu huo, alipewa adhabu ya namna iliyo bora zaidi, yaani nafasi ya pili katika misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Huzuni mbili kwa siku moja ni nyingi, watasema watu wepesi. Mimi naona kuwa ya pili huja kuifariji ya kwanza, kwa maana mtu hawezi kulia kwa macho mawili katika lugha mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ningeweza kuikomesha hoja yangu, kama isingekuwa Awendo.

Mwaka 2006 SonySugar, klabu iliyolelewa na kiwanda cha sukari cha pale, iliwashangaza wakubwa wote wa Nairobi, ikatwaa ligi ya Kenya, na kombe likapanda barabara ya Kisii hadi katikati ya mashamba ya miwa. Miaka iliyofuata haikuwa na makuu: leo katikati ya jedwali, kesho karibu na mkia, manung'uniko ya kawaida, lawama za kawaida, watu wakiondoka uwanjani dakika ya 80 wakiapa kuwa hawatarudi, na Jumapili inayofuata wakarudi. Kisha ukaja msimu wa 2019/20. Dhiki ya fedha ilikaza, timu ikashindwa kufika katika mechi moja, kisha katika ya pili, na ilipokosa ya tatu kanuni ikafuata mkondo wake: klabu ikaondolewa ligini na matokeo yake yakafutwa. Hata vipigo ilivyokwisha kuvipata vilifutwa. Mpenzi wa SonySugar alibaki na mwezi Desemba usiokuwa na mtu wa kumlaani, asijue afanye nini na ghadhabu aliyokuwa amejiwekea akiba hadi mwezi wa Mei. Kocha hakuwepo wa kufukuzwa, kipa hakuwepo wa kusingiziwa hongo, na redio ilipokuwa ikisoma matokeo ilipita juu ya jina la mji wake bila kukwama.

Ndipo unapofahamu adabu isiyo ya kawaida ambayo mzee wa Awendo aliionyesha kwa kijana aliyetoka Homa Bay akiwa amenuna kwa sababu K'Ogalo wamefungwa mawili kwa bila. Hakumcheka. Alimsogezea benchi, akamwagizia chai, akamwuliza bao la kwanza lilifungwaje, la pili je, ni beki yupi aliyelala, refa alikuwa nani, na ile dakika ya mwisho walipokosa penalti mpigaji alikuwa amevaa namba gani. Na kijana, huku akizidi kukunja uso, alimweleza kila kitu, hata wakafika pahali pa mpira wa kuotea, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona, wakaanza kupigiana kelele.