Heri Fundi Asiyemaliza

Katika jiji la Dar es Salaam hakuna anayewatumikia watu kwa muda mrefu kuliko fundi bomba wa mtaani, na hakuna anayeshukuriwa kidogo kumzidi. Kila nyumba inaye. Wapo wanaomkana mbele ya wageni, lakini ndoo iliyo chini ya sinki huwaumbua.

Fadhila yake ya kwanza ni kulea subira. Bomba likipasuka alfajiri, hupokea simu kwa upole na kujibu: "Bosi, nipo njiani." Mtu wa papara angetaja saa, yeye hutaja njia, kwa kuwa saa hupita na njia hubaki. Wakati huo familia ambayo haijakaa pamoja tangu Idi huwa imekusanyika sebuleni na mabeseni na madekio, kila mmoja akijua wajibu wake.

Fadhila ya pili ni kutojilimbikizia mali. Huja mikono mitupu, akiamini kuwa nyumba yenye bomba haiwezi kukosa spana, kisu na khanga kuukuu. Hukutuma elbo ya nusu inchi. Ukirudi, hugundua kuwa bomba ni la robo tatu. Hivyo unapata mazoezi ambayo daktari angekushauri kwa malipo, na muuza vifaa anapata mteja wa kudumu.

Fadhila ya tatu ni uadilifu. Akitazama maungio, hutikisa kichwa: "Nani alikufungia hivi? Huyu hakuwa fundi." Ukimkumbusha kuwa alifunga yeye mwenyewe mwaka jana, haifuti hukumu wala hajipunguzii adhabu. Mahakimu wa namna hiyo ni adimu.

Tusisahau ubunifu wake. Pale wengine wanapobadilisha bomba, yeye huviringisha kipande cha mpira wa baiskeli juu ya ufa, akakaza kwa waya na kutamka kuwa ni cha muda. Vipo vya muda vilivyorithiwa pamoja na nyumba. Na akibomoa vigae kusaka uvujaji uliokuwa ukuta wa pili, havirudishi. Huliachia bomba dirisha, ili siku nyingine litazamwe bila usumbufu.

Wachoyo hulalamikia tone analoliacha. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, lita kadhaa, na mita ikiyahesabu haina upendeleo. Maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka Mto Ruvu, yakasafishwa na kutiwa klorini, hatimaye yanapata pa kupumzika. Mamlaka ya maji inapata mapato, mwenye nyumba anapata mdundo wa kumbembeleza usiku, na fundi anapata sababu ya kurudi.

Kwa hiyo nawaonya vijana wanaoanza maisha. Kuna mafundi wengine, wenye cheti na sanduku la vifaa, wanaofika saa waliyosema, wakafunga koki kuu, wakapima kabla ya kununua, wakasubiri kuona kama panavuja, kisha wakaondoka wasionekane tena. Mtu wa aina hiyo hatajua majina ya watoto wako, wala hutajua ya kwake. Mlipe haki yake, umshukuru, na ufute namba yake.