Mpelelezi wa Ujiji

Hadithi za upelelezi za enzi ya Malkia Victoria hazichuji, kwani mpelelezi huona wasichokiona wenyeji. Ujiji ni ushahidi tosha. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alimgundua David Livingstone, aliyekuwa amepotea kabisa, isipokuwa kwa majirani zake, wauza dagaa wa sokoni, na mtumishi wake Susi, aliyetoka mbio kumlaki mpelelezi kwa Kiingereza. Hao, bila shaka, hawahesabiki. Sherlock Holmes alipozuka kitabuni mwaka 1887, kazi ngumu ilikwisha fanyika. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimvisha mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko kama inavyopasa, ila kwa uzembe usioelezeka akamwacha awe mwenyeji. Mnara wa ugunduzi ule uko Ujiji hadi leo. Mgeni asiyeujua huelekezwa na wapita njia.