Namna ya Kumharibia Mnyoo Starehe

Anza kwa kuacha kuisingizia sabuni. Kama umekulia kando ya mito yenye maji ya kasi huku Arua au Koboko, na mwili unakuwasha miaka nenda miaka rudi, mshuku mnyoo wa usubi. Huletwa na inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, anayeuma mchana. Mnyoo jike hujilaza ndani ya kinundu chini ya ngozi, mara nyingi kiunoni au mbavuni, akizaa kwa miaka 10 hadi 15. Mpangaji wa namna hiyo hafukuzwi kwa kucha.

Basi tupa gunzi na jiwe la kujikunia. Kinachowasha hasa ni watoto wake wanaokufa ndani ya ngozi; ukikwaruza, vidonda vinaingia uchafu na ngozi inazidi kuwa nene. Kata kucha. Ukitoka kuoga, paka mafuta ya shea mwili ukiwa bado na unyevu. Krimu za kung'arisha ziache sokoni! Na ikiwa nyumba nzima inajikuna usiku, huenda ni upele, nao una dawa yake. Nendeni kituo cha afya.

Sasa mkomoe mnyoo mwenyewe. Kama wagawa dawa bado wanakuja kijijini kwenu, simama wima kwenye ufito wao, maana vidonge vya ivermectin hupimwa kwa urefu. Mjamzito asubiri, na mtoto asiyefika sentimita 90 pia. Hulipi kitu: kampuni ya dawa ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa dawa hii bure, na mwaka 2007 Uganda ikaazimia kuutokomeza kabisa ugonjwa huu, kwa kumeza mara mbili kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami naumia kila nikiona. Siku chache baada ya kumeza, muwasho unaweza kupanda na uso kuvimba. Ni watoto wa mnyoo wanakufa kwa wingi. Ukizidiwa, mwone mganga wa kituo, lakini duru ijayo meza tena. Dawa humzuia mama kuzaa kwa miezi kadhaa tu, haimuui; itabidi umshinde kwa umri.

Nanyi mnaoishi na mgonjwa, mrudishieni mkeka wake na sahani yake. Usubi hauambukizwi kwa kulala wala kula pamoja. Na binti mwenye madoa ya usubi miguuni aposwe kama wenzake.